Mstari Uliopita Katika Shamba la Mama Speciose

Siku ya kuniaga ofisini walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena haja ya kuwahi popote. Mkuu wetu wa sasa alisimama akasema nimeitumikia sekta ya mafuta kwa uaminifu mkubwa. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kwa adabu. Ni kweli niliitumikia. Ila mafuta yenyewe, mpaka ninapoandika haya nikiwa barazani kwangu Kicukiro, bado yanaingia nchini kwa malori, na kisima pekee ninachoweza kukuonyesheni kwa uhakika ni kile kituo cha mafuta kilichopo njia ya kwenda Kanombe.

Baada ya keki, ninyi vijana mlinizunguka mkitaka niandike "uzoefu" wangu. Nimekubali, kwa sharti kwamba vyeo na mishahara mtavisoma wenyewe kwenye faili langu, kama panya wameacha kitu. Nitaandika zaidi juu ya mstari mmoja wa penseli. Niliuchora nikiwa hapa Kigali, juu ya picha iliyopigwa na setilaiti, na nusura umnyime mama mmoja wa upande wa ziwa Kivu msimu mzima wa maharage. Sikumjua mama huyo wala shamba lake. Hapo ndipo penye kosa, na ndiyo sababu nawasimulia.

Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi. Nilisomea jiolojia huko huko, kisha tukarudi. Kinyarwanda changu kilikuwa cha nyumbani, yaani cha kuitwa kula na cha kugombezwa, kwa hiyo ofisini nilijificha kwenye Kiswahili. Bahati yangu ilikuwa Mzee Tharcisse. Yeye alikulia Bujumbura, alikuwa ndiye mkongwe wa chumba cha ramani, na Kiswahili chake kilianza na "bon", yaani "vema" kwa Kifaransa, na kumalizika na "bon", hata kama katikati hakukuwa na jema lolote.

Siku ya kwanza alinipa picha kubwa ya rangi bandia, zile ambazo mimea huonekana nyekundu na maji meusi. Akanipa na penseli.

"Nionyeshe maji inakwenda wapi," akasema.

Nikainama juu ya meza ya mwanga, kile kioo chenye taa chini yake, nikachora mto kwa kujiamini kabisa. Nilikuwa na shahada. Mzee akautazama mto wangu kwa muda, akaigeuza picha robo duara.

"Bon. Umepandisha muto juu ya mulima. Maji ya Karagwe iko na nguvu sana!"

Chumba kizima kilicheka, nami nilitamani ardhi ipasuke, ingawa kwa kazi yetu hilo ni jambo la kuomba kwa uangalifu. Somo lenyewe ni jepesi na linafaa hata leo. Setilaiti hizi hupita asubuhi, jua likiwa mashariki, na vivuli vya milima huangukia magharibi. Ukiishika picha vibaya, macho yanadanganywa: bonde linakuwa mlima na mlima unakuwa bonde. Igeuze mpaka vivuli vielekee kwako wewe unayetazama, na kila kitu kitarudi mahali pake. Kompyuta zenu haziwaambii hivyo, kwa sababu nazo hudanganyika vilevile, ila kwa kasi zaidi.

Mzee Tharcisse alikuwa na mazoea yake. Penseli alikuwa akiazima kwa yeyote, lakini kifutio kilikuwa chake mwenyewe, kikikaa mfuko wa shati upande wa moyo. Alipenda mistari, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea. Mstari wa ufa, yaani mpasuko wa mwamba, ulioonekana kwenye picha tu ulichorwa vipande vipande. Ukiwa na shaka zaidi, unaongeza alama ya kuuliza. Mstari mzima, usiokatika, ulichorwa pale tu ambapo mtu wa ofisi yetu alikuwa amefika kwa miguu na kuuona mwamba. Ukimletea mstari mzima, hakukuuliza umetumia picha gani wala vipimo gani. Alikuuliza neno moja.

"Umeikanyaga?"

Kama jibu lilikuwa hapana, kifutio kilitoka mfukoni.

Sheria hiyo ilikuwa na maana kubwa katika nchi kama hii. Wenzetu wa jangwani wanapata miamba ikiwa uchi, picha moja ya setilaiti na mtu anajua tabaka lipi limelala juu ya lipi. Sisi mwamba wetu umevaa. Umevaa migomba, chai, mikaratusi na matuta ya kilimo mpaka kileleni, na pale ulipobaki wazi mtu ameanika nguo. Kwa hiyo tunaubashiri mwamba kwa kutazama ulichokivaa. Mafuta hayalali popote tu. Yanahitaji miamba ya mashapo iliyorundikana chini ya bonde la ufa, na mara nyingi yanahitaji ufa unaoyazuia yasiendelee na safari. Ufa nao hupitisha maji, na maji yakipanda juu, majani ya hapo hubaki ya kijani wakati wa kiangazi huku kwingine kumekauka. Ukiona msururu wa kijani ulionyooka katika picha ya Julai, moyo wa mwanajiolojia unadunda.

Wangu ulidunda. Ilikuwa miaka kadhaa baada ya ule mto wa mlimani, nikiwa tayari naitwa Dada Beata kwa heshima, na pale kazini kulikuwa na vuguvugu la wawekezaji kutaka kujua chini ya ukanda wa ziwa kuna nini. Katika picha ya kiangazi niliona mstari wa kijani ukivuka vilima vinne bila kupinda, ukielekea kaskazini sambamba na nyufa zote kubwa za bonde. Juu yake kulikuwa na madoa yenye unyevu yaliyopangana. Nikajiambia: chemchemi. Nikauchora vipande vipande, kama nilivyofundishwa, nikaweka na alama ya kuuliza, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha nisiyoweza kumweleza mume wangu, ambaye ni mhasibu.

Wiki ile ile Mzee Tharcisse akalazwa hospitali ya Kanombe kwa upasuaji wa goti. Miaka yote ya kukanyaga mistari ya watu ilikuwa imelimaliza. Na mkurugenzi wetu wa wakati huo, mtu mchangamfu aliyekulia Kampala na aliyevaa suti hata Jumamosi, akaja mezani kwangu na nakala ya ramani.

"Dada Beata, hii kazi ni nzuri sana, really," akasema. "Lakini hii line yako inakatika-katika. Inaonyesha kama hatujui."

"Hatujui, bosi."

"Sasa tuwaonyeshe wageni kama hatujui? Na hii alama ya kuuliza, wao ndio wanakuja kuuliza! Tukianza sisi, wao watafanya nini?"

Nilicheka. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na hilo ndilo lililoniponza. Ningeweza kumwambia asubiri niende kuangalia. Safari ya kule ilikuwa ya siku moja kwenda, siku moja kurudi. Lakini wageni walikuwa wanafika Ijumaa, kukanyaga kulikuwa kazi ya Mzee, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa na hamu ya kuona mstari wangu ukiwa mzima. Nikachukua penseli nyekundu nikaziba nafasi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli yenyewe. Alama ya kuuliza niliifuta kwa kifutio cha ofisi.

Wageni wakaupenda. Mmoja aliweka kidole juu yake akakipitisha kwa upole toka mwanzo hadi mwisho. Mwezi haukupita, timu ya upimaji ikapelekwa kule kusimika fito ndefu zenye utepe mwekundu kufuata mstari wangu, ili baadaye zije mashine za kutikisa ardhi na kusikiliza mwangwi wake. Ripoti yao ikanifikia. Katika ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi fupi kwamba wenye mashamba wameombwa wasipande katika ukanda huo mpaka upimaji utakapokwisha. Tarehe ya kwisha haikuandikwa. Nikasaini kwamba nimesoma, na kwa kweli nilikuwa nimesoma.

Nilikwenda Kanombe kumjulia hali Mzee nikiwa na machungwa na ile ramani mpya, ambayo sasa ilikuwa imechapishwa juu ya picha yake kwenye karatasi ya kung'aa. Nilidhani atafurahi. Alivaa miwani, akaishika ramani mbali na uso, akaigeuza mpaka vivuli vikaelekea kwake. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Umeikanyaga?"

Nikamenya chungwa.

"Beata. Na watu wa pale, sasa wanapanda wapi?"

Nikamwambia wameombwa wasubiri. Nje ya dirisha kulikuwa kunanyesha, mvua za Septemba, zile ambazo mkulima yeyote wa nchi hii akizisikia hushika jembe. Mzee aliikunja ramani. Hakunigombeza, na afadhali angefanya hivyo, maana nilikuwa nimejiandaa.

"Bon. Leo ni Jumanne," akasema. "Basi ya magaribi inaondoka asubuhi. Mimi na hii goti siwezi."

Akatoa kifutio kwenye kimeza cha kando ya kitanda, mahali ambapo wagonjwa wengine huweka rozari, akaniwekea mkononi.

Asubuhi yake nikapanda basi bila kumwambia mkurugenzi. Nilifika mchana, nikaonana na kiongozi wa mudugudu, yaani kitongoji, bwana mwembamba mwenye daftari, naye akanipeleka mpaka kwenye fito zetu. Zilipendeza sana, nikiri hivyo. Zilikuwa zimenyooka kilima hadi kilima, tepe zikipepea. Ya tano ilikuwa imesimama katikati ya shamba lililolimwa vizuri, udongo mweusi, umelowa, hauna kitu. Kando ya shamba alikaa mama wa makamo juu ya jiwe, na kapu la mbegu za maharage miguuni.

Huyo ndiye Mama Speciose. Alikuwa mjane, alikuwa amefanya biashara ya vitunguu Goma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Weye njo wa Kigali?" akaniuliza. "Njo munasema nisipande?"

"Ni sisi, mama."

"Mvura imenyesha juma mbili. Mi niko na shamba moja tu, hii. Nikichelewa juma moja tena, maharage itakutwa na jua, haitazaa. Sasa unielezee, mu hii udongo munatafuta nini?"

Nikamweleza. Nilijitahidi. Nilimwambia kwamba chini ya shamba lake kuna ufa mrefu katika mwamba, kwamba tuliuona kutoka angani kwa sababu maji yanapanda kupitia humo na kufanya majani yawe ya kijani hata wakati wa kiangazi. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akamtazama kiongozi wa mudugudu, na kiongozi akatazama daftari lake.

"Ufa gani, mama?" akasema Mama Speciose. "Ile ni tiyo."

Akainuka, akanishika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara, akanipeleka hatua ishirini hivi chini ya fito. Akapiga teke majani. Chini yake kulikuwa na bomba la chuma lenye kutu, nene kuliko paja langu, na kwenye maungio yake maji yalikuwa yakichuruzika polepole kwenda kwenye kishamba cha dodo, ule mchicha wa kwetu, na kabichi. Lilikuwa bomba la kupeleka maji mjini, alisema, lilizikwa tangu baba yake akiwa kijana. Linavuja kila maungio. Watu wa vilima vyote vinne wamelima mboga pande zake zote mbili, ndiyo maana ni kijani.

"Na kama muliiona toka juu kabisa," akaongeza, "kwa nini musitume mutu wa kuitengeneza?"

Nilikaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Nilitembea baadaye mpaka kilima cha nne, kwa sababu nilikuwa nadaiwa na Mzee hatua zote hizo, na kila doa nililoliita chemchemi lilikuwa ungio linalovuja. Mwamba wenyewe, pale ulipojitokeza kwenye korongo, ulipita chini ya bomba bila hata mkwaruzo. Niliona aibu, aibu ya kweli, na si kwa sababu ya ramani. Ni kwa sababu ya lile kapu la mbegu.

Niliporudi nikamwambia Mama Speciose: "Panda. Panda leo."

Kiongozi wa mudugudu akafunua daftari. "Hapana, madamu. Fito zilikuja na karatasi. Lazima ziondoke na karatasi."

Hapo ningeweza kusema nitairudisha Kigali, nitaongea na wakuu, tutawaandikia. Ndivyo ilivyotakiwa, na barua hiyo ingefika karibu na Krismasi. Nikaitoa ramani yangu ya kazi kwenye begi, ile ya penseli, nikaitandaza juu ya jiwe la Mama Speciose, nikaufuta mstari kwa kifutio cha Mzee Tharcisse kuanzia kilima cha kwanza hadi cha nne. Kisha katika karatasi nyingine nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA UFA HAPA. NIMEKANYAGA MWENYEWE. Nikaandika mahali, nikasaini jina langu kamili.

"Muhuri?" akauliza kiongozi.

Sikuwa na muhuri wa ofisi, wala sikuwa na cheo cha kuubeba. Nilikuwa na kile kimuhuri cha duara tulichotumia kuandika mifuko ya sampuli za mawe. Nikakipuliza, nikagonga. Kilitoka buluu, safi kabisa. Kwa hiyo kisheria karatasi ile ni jiwe, lakini kiongozi aliitazama, akaridhika, akang'oa fito ya kwanza kwa mikono yake. Alipotaka kuzirundika, Mama Speciose akamwambia aziache. Maharage ya kule ni ya kupanda juu, yanahitaji miti ya kujishikia, na miti hiyo haipatikani kirahisi. Nilimwacha akitoa mbegu kwenye kapu.

Kigali nilipokelewa ipasavyo. Mkurugenzi alisoma maelezo yangu amesimama, kisha akayasoma ameketi. Aliniuliza kwa unyonge kama hakuna uwezekano wa bomba kuwa limepita juu ya ufa kwa bahati. Mgeni mmoja, aliyekuwa ameuzoea mstari ule, aliomba kwa barua pepe tumtafutie mwingine jirani. Mimi nikahamishiwa stoo ya ramani "kwa muda", na muda huo ulikuwa mrefu, lakini nimeahidi kutozungumzia vyeo. Mwaka ule nilisoma ramani zote za zamani zilizokuwa stoo. Katika moja yao, iliyochorwa na fundi wa maji, bomba lilikuwepo. Ilikuwa kwenye kabati la tatu, hatua nane kutoka kwenye meza niliyochorea mstari wangu.

Mzee Tharcisse hakurudi kazini. Nilimpelekea kifutio chake nyumbani, akaniuliza neno lake, nikamjibu nimeikanyaga. "Bon," akasema, na safari hiyo ilikuwa bon kweli. Amefariki sasa. Namkumbuka kila nikishika penseli, na bado inaniuma kwamba lile swali sikulijibu vizuri mara ya kwanza aliponiuliza kitandani.

Ningeishia hapo, lakini mwezi uliopita, wiki ya pili ya kustaafu kwangu, Aline akanipigia simu. Aline mnamjua, ndiye aliyeifundisha kompyuta kuchora nyufa yenyewe. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

"Mama Beata, imepata kitu upande wa ziwa! Ufa mpya, vilima vinne, umenyooka kabisa. Hakuna ramani yetu yoyote inayouonyesha."

"Imeuchora vipande vipande?"

"Hapana, mzima. Mashine ina uhakika sana."

Nikamwambia avae viatu vya kutembea.

Siku hizi barabara ni ya lami mpaka karibu kabisa. Aline alibeba kompyuta, mimi nilibeba maji ya kunywa. Shamba lilikuwa pale pale, maharage yamepanda juu ya miti yake, na bomba lilikuwa linavuja kama nilivyoliacha. Tulikuwa hatujamaliza kulitazama, bibi mmoja akatokea nyumbani akija kwetu kwa mwendo wa mtu mwenye kesi. Alikuwa amezeeka sana, jicho moja lina ukungu. Aliona begi, aliona kompyuta, na hakungoja salamu.

"Munatoka Kigali?"

"Yego, nyogokuru," Aline akamjibu kwa heshima, yaani "ndiyo, bibi".

"Basi musome hii kwanza. Bakija na mashine, ninabaonyesha hii, banaenda. Wa barabara nilibaonyesha. Wa nguzo za umeme nilibaonyesha."

Akatoa kwenye kitenge chake karatasi iliyofungwa ndani ya plastiki, imekunjwa mara nyingi mpaka inakaribia kuachana. Alimpita Aline, akanipa mimi, nadhani kwa sababu ya mvi. Muhuri wa buluu ulikuwa umefifia. Saini yangu ilikuwa bado inasomeka.

"Huyo aliyeandika ni mutaalamu mukubwa," Mama Speciose akamwambia Aline. "Si kama ninyi ba kompyuta. Yeye alikuja na miguu yake."

Nyuma yangu nilisikia Aline akifunga kompyuta. Mimi nilikunja ile karatasi taratibu kufuata mikunjo yake ya zamani, nikairudisha ndani ya plastiki, nikampa mwenyewe kwa mikono miwili, nikamwambia aendelee kuitunza.